Bruda Laurent, Mpishi wa Watawa

Katika nchi ya Lorraine, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ufaransa, kiko kijiji kimoja kiitwacho Hériménil, karibu na mji wa Lunéville. Katika kijiji hicho, yapata mwaka 1614, alizaliwa mtoto mwanamume, akapewa jina la Nicolas Herman. Wazazi wake walikuwa maskini, lakini walimcha Mungu, wakamlea katika njia njema. Elimu ya vitabu hakupata nyingi. Hakuwa mwana wa mfalme wala wa tajiri, wala hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba habari zake zingesomwa baada ya miaka mia tatu na zaidi. Hata hivyo sisi twazisoma leo, na sababu yake ni ya ajabu: mtu huyu alipata sifa kwa kazi ya jikoni.

Alipokuwa kijana wa miaka 18, siku moja ya baridi aliuona mti usio na hata jani moja. Katika nchi za Ulaya, wakati wa baridi, miti mingi hupukutisha majani yake yote, ikasimama mikavu kama kuni, hata mgeni asiyejua hudhani kwamba imekufa. Nicolas akautazama mti ule, akawaza kwamba baada ya muda si mrefu majani yatachipuka tena, kisha maua, kisha matunda. Akatambua kwamba uzima ule hautoki kwa mti wenyewe, bali kwa Mungu aliyeuumba na kuutunza. Watu wengi walipita mbele ya miti kama ule wasione neno. Lakini fikira ile iliuingia moyo wa kijana yule, wala haikumtoka tena maisha yake yote.

Basi, mbegu ipandwayo leo haivunwi kesho. Nicolas hakuwa mtawa siku zile, alikuwa askari. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipigana vita vikubwa, vilivyoanza mwaka 1618 na kwisha mwaka 1648, navyo huitwa Vita vya Miaka Thelathini. Siku moja alikamatwa na askari wa Kijerumani, wakamdhania kuwa mpelelezi, wakamtisha kwamba watamnyonga. Nicolas hakulia wala hakuomba kwa magoti. Aliwajibu kwa utulivu kwamba yeye si mpelelezi, na kwa kuwa dhamiri yake haimshitaki kwa neno hilo, haogopi kufa. Walipouona ushujaa wake wakamwacha aende zake. Baadaye, mwaka 1635, askari wa Sweden waliushambulia mji wa Rambervillers, naye akajeruhiwa vitani. Akarudi kwa wazazi wake, na kazi ya uaskari ikawa imekwisha. Alama za vita hazikumwacha, kwa maana tangu hapo alikuwa kiwete.

Alipopona alitaka kumtumikia Mungu, lakini hakujua njia ya kuifuata. Kwanza alijaribu kukaa upwekeni, mbali na watu, apate kusali tu. Lakini alijiona kuwa kama mtumbwi usio na nanga: leo furaha, kesho huzuni, keshokutwa mashaka. Akaacha. Kisha akaenda Paris, akawa mtumishi wa nyumbani wa bwana mmoja mkubwa aliyekuwa mweka hazina. Hapo nako hakusifiwa, kwa kuwa alikuwa na mikono mizito, na vyombo vingi alivyovishika vilianguka na kuvunjika.

Mwaka 1640 akabisha hodi katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, wakampokea. Hawakumfanya padre, kwa kuwa hakuwa na elimu ya kutosha. Walimpokea kuwa bruda, yaani mtawa wa kufanya kazi za mikono. Wakambadilisha jina, akaitwa Bruda Laurent wa Ufufuko. Tarehe 14 Agosti 1642 akaweka nadhiri zake. Yeye mwenyewe alitazamia kwamba watawa watamwadhibu kwa ajili ya ule uzito wa mikono yake, akawa radhi kuteswa hivyo, amtolee Mungu mateso yake. Lakini baada ya miaka mingi aliwaambia watu, kwa kucheka, kwamba Mungu alimdanganya, kwa kuwa alitazamia mateso naye akapata furaha.

Lakini furaha hiyo haikuja upesi. Wakubwa wa nyumba walimpa kazi ya jikoni, na kwa asili yake Laurent aliichukia sana kazi hiyo. Fikirini jiko la nyumba kubwa kama ile: moshi wa kuni, joto la moto, sufuria nzito za kusugua, mboga za kumenya, na watu wengi wanaongoja chakula saa ile ile kila siku. Mmoja aita huku, mwingine aita kule. Mtu kiwete hupata taabu hata kusimama tu mahali kama hapo. Laurent alikaa katika kazi hiyo aliyoichukia kwa muda wa miaka 15.

Tena moyoni mwake mlikuwa na taabu iliyopita taabu ya jikoni. Kwa muda wa miaka kama 10 alisumbuliwa na kumbukumbu za dhambi zake za zamani. Katika muda huo ilikuwako miaka minne aliyoamini hasa kwamba amepotea milele, wala hapana mtu awezaye kumtoa katika fikira hiyo. Kwa nje alikoroga chakula na kupakua. Kwa ndani alikuwa gizani. Angeweza kuondoka, kama alivyouacha upweke ule wa kwanza. Hakuondoka. Alikata shauri moja: kwamba hata kama atapotea au ataokoka, hiyo ni kazi ya Mungu, kazi yake yeye ni kumpenda Mungu leo, katika kila afanyalo, mpaka siku ya kufa. Baada ya kukata shauri hilo na kulishika, amani ikaingia rohoni mwake, nayo ikakaa.

Tangu hapo jiko lile lile likawa mahali pengine machoni pake. Moshi ulikuwa ule ule, na sufuria zile zile; yeye ndiye aliyegeuka. Alipoanza kazi alimwomba Mungu amsaidie kuifanya vema. Katikati ya kazi alizungumza naye kwa maneno machache ya moyoni, kama mtoto azungumzavyo na baba yake aliye karibu. Alipomaliza alitoa shukrani. Aliyageuza mayai katika kikaango kwa ajili ya kumpenda Mungu. Na kama hakuwa na kazi nyingine, aliona ni vema kuokota hata unyasi mmoja ulioanguka chini, kwa ajili ya upendo ule ule. Alisema kwamba saa za kazi kwake hazikuwa mbali na saa za sala. Katikati ya makelele ya jikoni alikuwa na Mungu, sawasawa na kama amepiga magoti kanisani.

Msidhani kwamba alifika hapo bila kuanguka. Mara nyingi fikira zake zilitangatanga, akamsahau Mungu kwa muda mrefu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alipotambua kosa lake hakukaa akijisikitikia siku nzima, wala hakutafuta udhuru. Aliungama mara moja, akakiri mbele za Mungu kwamba kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kufanya jema lo lote, akaomba msaada, kisha akarudi katika kazi yake kwa moyo mtulivu. Akafanya hivyo tena na tena, mwaka baada ya mwaka, hata neno lililokuwa gumu likawa desturi, na desturi ikawa ndiyo tabia yake.

Tena alipewa kazi nyingine zisizomfaa. Alitumwa mbali, mpaka nchi za Auvergne na Burgundy, kununua mvinyo wa nyumba yao. Hakujua mambo ya biashara, na ndani ya chombo cha mtoni hakuweza kutembea kwa sababu ya mguu wake. Iliyobaki ilikuwa kujibiringisha juu ya mapipa. Watu wengine wangeona haya. Yeye alimwambia Mungu kwamba kazi hii ni yake, kisha akaifanya kama awezavyo, nayo ikaisha vizuri. Tena, mguu ulipozidi kuuma, aliondolewa jikoni akapewa kazi ya kushona viatu vya watawa, akaifanya kwa moyo ule ule.

Polepole sifa yake ikaenea. Watu wenye elimu na vyeo walikuja kumtafuta yule mpishi kiwete, wapate shauri. Mmoja wao alikuwa padre Joseph de Beaufort, aliyemzuru mara ya kwanza mwaka 1666. Padre huyo aliyaandika mazungumzo yao. Na Laurent alipokwisha kufa, aliyapiga chapa pamoja na barua zake. Katika kitabu hicho kidogo mna shauri moja hasa, lililorudiwa kwa njia nyingi: kukaa mbele za Mungu kila saa. Kimefasiriwa katika lugha nyingi, nacho husomwa na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile.

Bruda Laurent alikufa Paris tarehe 12 Februari 1691, umri wake miaka 77 hivi. Hakuacha mali wala nyumba. Aliacha mfano.

Enyi wanafunzi, tabia ya Kikristo haijengwi siku ya sikukuu tu, wakati wa nguo safi na nyimbo nzuri. Hujengwa siku ya kazi, mtu awapo peke yake na ufagio, au jembe, au ndoo ya maji, au hesabu ngumu. Yule mtawa hakungoja apewe kazi kubwa ndipo aanze kumtumikia Mungu. Wala hakungoja aipende kazi ndipo aifanye vema. Nanyi mkipewa zamu msiyoipenda, ikumbukeni sufuria ya Bruda Laurent, na mti ule wa baridi uliokuwa mkavu kwa nje, na uzima umo ndani.

Maswali

1. Nicolas alijifunza nini kwa kuutazama mti usio na majani?
2. Kwa nini askari wa Kijerumani walimwacha aende zake?
3. Laurent alikata shauri gani alipokuwa katika taabu ya moyo?
4. Alipokosa alifanya nini?
5. Taja kazi moja usiyoipenda nyumbani au shuleni. Bruda Laurent angeifanyaje?