Eglantyne Jebb, Mtetezi wa Watoto

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha katika kata ya Miembeni, mjini Bukoba, au katika shule yoyote ya Muleba, huwa amefunzwa kuandaa somo pamoja na zana zake. Lakini haipiti muda mrefu kabla hajakutana na mtoto ambaye zana hazimfai kitu: mtoto asinziaye kwa njaa, au mwenye alama za fimbo asizozipata shuleni. Kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo, yafaa tuyajue maisha ya Eglantyne Jebb.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, Uingereza, katika jamaa ya watu wenye nafasi. Baada ya kusoma historia Oxford, alijifunza ualimu, akafundisha shule ya msingi mjini Marlborough. Hakudumu. Mwaka mmoja hivi ulitosha kumwonyesha kwamba kazi ya darasani haikuwa yake, na afya yake nayo ilikuwa dhaifu. Hakuolewa wala hakuzaa, na hakuwa mtu wa kubembeleza watoto. Nalitaja hili kwa makusudi, maana wengi hudhani kwamba mtetezi wa watoto huzaliwa na kipaji cha kucheza nao. Kipaji cha Jebb kilikuwa kuchunguza kwanza na kusema baadaye. Akiwa Cambridge alijitolea katika kazi za misaada, akaichunguza hali ya maskini wa mji ule, na mwaka 1906 akayachapa aliyoyaona. Mwaka 1913 alikwenda Makedonia, akaonana na wakimbizi wa vita vya Balkani.

Vita Kuu ya Kwanza vilisimama Novemba 1918, lakini mataifa yaliyoshinda yaliendelea kuzuia vyakula visifike kwa walioshindwa. Watoto wa Austria na Ujerumani walikonda na kufa. Mwaka 1919 Jebb aligawa vipeperushi katika uwanja wa Trafalgar, London, vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofika kwa njaa. Alikamatwa kwa sababu vipeperushi hivyo havikupata kibali cha serikali. Mahakamani alijitetea mwenyewe. Kwa sheria hakuwa na njia ya kupona, akatozwa faini ya paundi 5. Lakini mwendesha mashtaka, Archibald Bodkin, aliguswa, akampa paundi 5 kutoka mfukoni mwake. Fedha hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa mchango wa kwanza wa Save the Children, mfuko ambao Jebb aliuanzisha mwaka huohuo pamoja na dada yake, Dorothy Buxton. Kuwaombea chakula watoto wa adui wa jana, wakati wazazi wengi wa Uingereza walikuwa bado na matanga, halikuwa jambo dogo.

Mfuko huo ulilisha watoto wa Urusi katika njaa ya mwaka 1921. Hata hivyo Jebb aliona kwamba huruma huja na kupita. Mwaka 1923 aliandika tamko fupi la vifungu vitano, na Shirikisho la Mataifa likalipitisha mjini Geneva tarehe 26 Septemba 1924. Wakati huo Tanganyika, na Bukoba ndani yake, ilitawaliwa na Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho hilohilo. Tamko lilitaka mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyepotoka arejeshwe, yatima apate makao, na kila mtoto alindwe asinyonywe. Mwalimu atazame jinsi lilivyojengwa: linataja wajibu wa watu wazima, wala halimwachii mtoto kazi ya kudai.

Jebb alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na miaka 52. Mwaka 1931 umoja aliouasisi uliitisha huko mkutano juu ya watoto wa Afrika, ambao Jomo Kenyatta anautaja katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa kila mwanajamii, mwalimu akiwamo, wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa ajuapo kwamba haki za mtoto zinavunjwa; na ofisa ustawi wa jamii aipokeapo taarifa hiyo anaweza kumwita anayelalamikiwa.