Carl Gustav Jung na Umeme wa Ngozi

Waalimu wengi wanamjua Carl Gustav Jung kwa nadharia zake za nafsi. Wachache wanajua kwamba sifa yake ya mwanzo ilitokana na saa, mabamba na nyaya za umeme. Sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo tunayoiona inatuhusu zaidi sisi watu wa chaki.

Alizaliwa tarehe 26 Julai, 1875, Kesswil, Uswisi, akiwa mwana wa mchungaji. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, akisoma Basel, mwenzake alimsukuma akaanguka na kujigonga kichwa. Tangu hapo, kila alipotakiwa kurudi shule, alizimia. Alikaa nje zaidi ya miezi sita. Daktari mmoja alidhani ni kifafa. Siku moja alimsikia baba yake akimweleza rafiki jinsi alivyohofia maisha ya mtoto huyo, ndipo akajilazimisha kurudia vitabu mpaka kuzimia kukakoma. Hata hivyo hesabu iliendelea kumtia hofu, na mwalimu mmoja alimshutumu kwamba insha aliyoiandika kwa bidii kubwa ameinakili. Mtoto hakuwa na njia ya kuthibitisha yaliyokuwa moyoni mwake.

Baada ya kusomea udaktari, aliajiriwa mwezi Desemba 1900 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zürich, chini ya Eugen Bleuler. Huko alitumia jaribio la maneno: mpimaji hutaja neno, mpimwa hujibu kwa neno la kwanza limjialo, na muda wa kujibu huandikwa. Neno lililogusa donda la moyoni lilichelewesha jibu. Mwaka 1888 Charles Féré wa Ufaransa alikwisha kuonyesha kwamba mkondo dhaifu wa umeme hupita kwa wepesi zaidi katika ngozi ya mtu aliyesisimka. Jung akayaunganisha mambo hayo mawili: mpimwa aliweka viganja juu ya mabamba, na galvanomita ikasomwa kila neno lilipotajwa. Mwaka 1907, yeye na Frederick Peterson wa Marekani walichapisha matokeo yao.

Sababu yake si fumbo. Mtu akishtuka, mishipa ya fahamu huziamsha tezi za jasho, ambazo ni nyingi sana viganjani. Jasho lina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Badiliko huonekana baada ya sekunde 1 hadi 3, hata jasho lenyewe lisipoonekana. Uso waweza kuzuiwa usibadilike, kiganja hakitii. Lakini chombo hiki husema tu kwamba moyo umeguswa. Hakisemi kama ni kwa hofu, haya, furaha au uongo, na wanaokifanya hakimu wa uongo wanakivika joho lisilo lake. Nasi madarasani hatuna galvanomita. Ila chaki inayolowa vidoleni mwa mtoto aliyeitwa ubaoni huarifu jambo lile lile, kwa mipaka ile ile.

Jung aliondoka Burghölzli mwaka 1909. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akasafiri hadi Mlima Elgon, na huko, akisaidiwa na kamusi, aliwauliza wenyeji kwa Kiswahili habari za ndoto zao. Alifariki Küsnacht tarehe 6 Juni, 1961.