Lord Kelvin, baba wa kuhamisha joto

Leo tumcheki William Thomson, maarufu kama Lord Kelvin. Alizaliwa Belfast mwaka 1824, na akiwa na miaka 22 tu akawa profesa pale Glasgow.

Mwaka 1852 jamaa akaonyesha kuwa mashine inaweza kuvuta joto la nje na kuliingiza ndani, na joto hilo likazidi nguvu uliyotumia. Alifikiria pia kupoza nyumba za nchi za joto.

Siri ni tofauti ya joto: ikiwa ndogo, mashine haihangaiki. Ndo maana Ulaya kwenye baridi kali, pampu inayochota joto ardhini hula umeme kidogo kuliko inayochota hewani. Hewa inapoganda, udongo wa chini haubadiliki sana. Tatizo ni gharama za kuchimba.

Alifariki 1907, kabla pampu hizo hazijaenea majumbani.

Hata friji ya soda hapa Iguguno inafuata kanuni hiyo: hutoa joto ndani, hulimwaga nyuma. Ukiibana ukutani au ukaiweka juani, LUKU inakimbia.

Ya kwako umeiweka wapi? Tiririka hapo chini.