Arrhenius: Gredi ya Chini, Kisha Nobel

Ikiwa hesabu za myeyusho na kasi ya mmenyuko zinakutoa jasho darasani, hebu tumjue mtu ambaye kazi yake imo ndani ya hesabu hizo. Ni Svante Arrhenius, aliyezaliwa karibu na Uppsala, Uswidi, tarehe 19 Februari 1859. Baba yake alikuwa mpima ardhi.

Pale chuo kikuu cha Uppsala hakuridhika na mafunzo, basi mwaka 1881 akahamia Stockholm kwa mwanafizikia Erik Edlund. Jambo lililomsumbua ni hili: maji safi hayapitishi umeme vizuri, na chumvi kavu vilevile. Changanya viwili hivyo, umeme unapita! Vipi?

Mwaka 1884 alirudi Uppsala na tasnifu yake ya udaktari. Walimu hawakuipenda. Aliponea chupuchupu kufeli, na kwa gredi aliyopewa, mlango wa kufundisha chuoni ulikuwa kama umefungwa. Lakini hakukaa kulia. Alituma nakala kwa wakemia wa nchi nyingine, na mmoja wao, Wilhelm Ostwald wa Riga, akafunga safari mwenyewe hadi Uppsala kumwona, akamwahidi kazi. Fikiria nyuso za wale walimu! Kabla mwaka haujaisha, Uppsala ikampa nafasi ya kufundisha.

Mwaka 1887 akalikamilisha jibu. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika yenyewe kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, hata kabla ya umeme kupitishwa. Wengi walimcheka. Sodiamu ukiitupa majini huwaka, sasa itakaaje humo kimya? Jibu ni kwamba ioni yenye chaji si kitu kimoja na metali yenyewe.

Tazama mwenyewe. Chukua gramu 34.2 za sukari na gramu 5.85 za chumvi, kila moja ni moli 0.1. Yeyusha kila moja katika kilo moja ya maji. Sukari hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 0.19 hivi, chumvi kwa nyuzi 0.35 hivi, karibu mara mbili. Kila kipande cha chumvi kimezaa ioni mbili. Kwa hiyo ukikutana na swali kama hili, usikimbilie kanuni. Hesabu chembe kwanza. Wengi hupoteza maksi hapo tu.

Kisha mwaka 1889 akaigeukia kasi. Joto likipanda nyuzi 10, mimenyuko mingi huenda kasi karibu mara mbili, ilhali mwendo wa molekuli huongezeka kwa asilimia 2 hivi tu. Arrhenius alieleza kwamba kugongana pekee hakutoshi. Kuna kizingiti cha nishati, na ni molekuli chache zinazokivuka. Joto kidogo tu, na idadi ya zinazovuka inaongezeka sana. Ndiyo maana maziwa ya daku ukiyaacha mezani yanaharibika upesi kuliko yaliyo kwenye friji.

Mwaka 1896 alipiga pia hesabu ya jinsi hewa ya kaboni inavyoweza kuipasha dunia joto, jambo linalotuhusu mpaka leo.

Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, kwa nadharia iliyochipuka kutoka tasnifu ileile ya gredi ya chini. Alikuwa Mswidi wa kwanza kuipata Nobel. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akazikwa Uppsala.