Yule Aliyesimama Mlangoni Pako

Hapa Endasak, chini ya Mlima Hanang, wakati wa mavuno vibarua huamka kabla ya jogoo. Jioni husimama mlangoni kwa mwenye shamba wakingoja ujira. Wapo wanaoambiwa warudi kesho. Ninapowaona, humkumbuka mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge kule Kenya: Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, tarehe 15 Agosti 1930, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wazazi wake, Wakatoliki kutoka Kisiwa cha Rusinga, walimsomesha shule za misheni: Kabaa, Yala, kisha Mang'u. Akawa bwana afya wa Jiji la Nairobi, akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ileile.

Siku moja mama wa Kizungu aliingia ofisini na maziwa ya kupimwa. Mboya alikuwa amesimama pale pale. Yule mama akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu.

Ndugu yangu, neno kama hilo huzaa chuki. Kwake lilikuwa sababu zaidi ya kuwaunganisha wenzake. Aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, aliwasihi warudi kazini, akawatetea mezani. Mshahara ukapanda kwa karibu theluthi moja. Machi 1957 Waafrika wa Nairobi walimchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya hapo akawa waziri.

Hakuwa malaika. Alipenda madaraka, na wengi walimwona ana majivuno. Lakini Jumamosi, 5 Julai 1969, alipouawa kwa risasi akitoka duka la dawa jijini Nairobi, akiwa na miaka 38, maelfu walimlilia kama ndugu yao.

Torati inaagiza kibarua alipwe kabla ya jua kuzama. Mtakatifu Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Leo ukitoka Misani, jiulize: yupo anayekudai jasho lake? Usimwambie kesho. Huyo aliyesimama mlangoni pako ni mtu.