Sam Ntiro: Mchoraji aliyeishi Ulaya, moyo ukabaki Machame

KATIKA historia ya uchoraji wa Afrika Mashariki, ni wachache waliotembea mbali kama Sam Joseph Ntiro, na ni wachache zaidi waliokataa kuhama nyumbani kama yeye.

Ntiro alizaliwa mwaka wa 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanganyika. Alikulia katika vihamba vya migomba, katikati ya jamii ya Wachaga iliyolima, kuvuna na kusherehekea kwa pamoja.

Alipojiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, alifunzwa na Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni humo. Bi Trowell hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwasimulia kisa, kisha akawaachia wachore walichokiona akilini. Kwa Ntiro, kilichojitokeza akilini kilikuwa Machame.

Mnamo 1952 alikwenda London kusomea uchoraji katika shule maarufu ya Slade, ambako alikaa hadi 1955. Wengi wangetarajia arejee na mkono mpya, lakini alirejea na ule ule. Aliendelea kuchora safu za watu wakilima, wakivuna au wakibeba mizigo, miili yao ikiwa ya umbo sahili na nyuso zisizotofautiana sana. Shujaa wa picha zake ni kijiji kizima.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Baadhi ya wahakiki waliziona kazi zake kuwa za kitoto, zisizolingana na elimu aliyoipata. Wakati huo huo, wasomi vijana wa Afrika walikuwa wakisaka usasa. Ntiro hakubadili njia. Mwaka wa 1960, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, Marekani, lilipokea picha yake ya 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Desturi ya Wachaga ikapata ukuta katika jiji lililo mbali na vihamba vya migomba.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa Balozi wake wa kwanza nchini Uingereza, wadhifa alioushikilia hadi 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni wa Tanzania, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, naye aliweka historia kama mmoja wa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu.

Ntiro alifariki dunia mwaka wa 1993. Maisha ya vijijini aliyoyachora yamebadilika mno tangu hapo. Lakini picha zake zingali zinathibitisha kwamba msomi anaweza kuvuka bahari, akavaa suti ya ubalozi, na bado asiione haya ya kihamba cha baba yake.