Bibi Nana Asma'u, Mwalimu wa Sokoto

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1793 katika nchi ya Gobir, ambayo leo imo kaskazini mwa Nigeria, akiwa pacha na ndugu yake mwanamume, Hasan. Kwa ada ya watu wa huko angaliitwa Husaina. Lakini baba yake, Shehu Usman dan Fodio, alimpa jina la Asma binti wa Sayyidna Abubakar, yule aliyepeleka chakula pangoni wakati wa Hijra. Mwaka 1804, naye akiwa na umri wa miaka 11, Shehu alihama na wafuasi wake kuikimbia dhuluma ya mfalme wa Gobir, na mtoto yule akaonja tabu ya uhamaji kama jina lake lilivyoagua.

Katika nyumba ile elimu haikuwa ya wanaume peke yao. Shehu aliwakemea wazi wanavyuoni waliofundisha makundi ya wanafunzi hali wake zao na binti zao wamewaacha gizani. Asma'u akasoma, akaandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Mwaka 1807 aliolewa na Gidado dan Laima, aliyekuja kuwa Waziri wa Khalifa Muhammad Bello, ndugu yake Asma'u.

Vita vilivyosimamisha dola ya Sokoto vilileta mateka wengi, na haifai kulificha jambo hili. Wanawake wa Kihausa waliingizwa katika nyumba za watu wasiowajua, na wengi wao walikuwa wakitegemea pepo wa bori. Kitabu hawakukijua. Bibi Asma'u akashika njia ya ushairi. Alitunga kwa Kihausa beti za kueleza nguzo za dini, na utenzi unaotaja majina ya sura za Qur'ani, ili mwanamke asiyejua herufi hata moja aweze kuhifadhi kwa masikio na kwenda navyo nyumbani.

Kiasi cha mwaka 1830 aliwapanga wanawake katika jamaa iliyoitwa 'Yan Taru, yaani waliokusanyika. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, jaji, aliyevikwa kofia pana ya majani, malfa, iliyofungwa kitambaa chekundu. Kofia ya namna hiyo huko Gobir ilikuwa alama ya mkuu wa bori! Bibi hakuipiga marufuku; aliichukua akaipa kazi nyingine, na mimi naona hekima yake yote imo humo. Waliosafiri kwenda kwake walikuwa mabibi waliokwisha kulea na wasichana ambao bado hawajaolewa. Mama mwenye mtoto mchanga alifundishwa na jaji kule kule kijijini. Walikuja na zawadi, naye akazigawa kwa wenye haja.

Wako miongoni mwetu wasemao mashairi ni mchezo. Na wazisikilize marsiya za bibi huyu. Hakuwalilia wakubwa tu. Alimtungia Halima, ambaye sifa yake ilikuwa ujirani mwema na upole. Akamtungia na Zahra, aliyewasaidia wanawake katika uzazi na kuwaosha waliokufa. Msichana aliyezihifadhi beti hizo alijua kwamba mwenye kuvumilia jirani mgumu, au kumwosha maiti asiye na jamaa, naye hutungiwa shairi kama Khalifa. Mafunzo ya tabia kwa njia ya amri hayafiki hapo.

Bello alifariki mwaka 1837. Asma'u na mumewe walifanya kazi kubwa ya kukusanya na kuhifadhi maandishi ya Shehu, na tungo zake mwenyewe zilizosalia ni kama 60. Alifariki mwaka 1864. Uongozi wa 'Yan Taru ukashikwa na mdogo wake, Maryam, na wanawake wenye malfa wakaendelea kuonekana njiani wakienda Sokoto.